Kitalu cha Jicho Langu

Kama unasoma haya ukiwa umeketi kwenye benchi la kliniki ya macho, kiganja kimefunika jicho moja na lile jingine linatoa machozi kwa kumhurumia mwenzake, sogea kidogo tukae pamoja. Benchi hilo nalijua. Nimelikalia mpaka nikajua ni ubao upi unaobana nguo. Sasa nimeinuka na nimerudi kazini, nikaona ni vizuri nikuachie habari kidogo kabla jina lako halijaitwa.

Mimi si daktari. Ni dereva wa lori la majani chai huku Kimulot, ambako barabara hupanda na kushuka katikati ya chai mpaka inapokaribia msitu wa Mau. Kazi yangu ni kuzunguka kwenye vituo vya kununulia majani, kupakia magunia na kuyafikisha kiwandani kabla hayajapata joto yakaharibika. Wanawake wa kazi hii si wengi. Nilipoanza, wakulima walikuwa wakichungulia ndani ya kabini kumtafuta dereva huku wakiniangalia mimi. Walizoea, na wengine sasa huniwekea mahindi ya kuchoma. Kwa hiyo nilipoumia jicho sikulilia urembo, maana huo nilikuwa nao wa kutosha. Niliogopa kunyang'anywa usukani.

Ilikuwa karibu na Krismasi. Sisi tunaokaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, wengi tumetoka kando ya ziwa, na kabla ya sikukuu kila familia hupaka nyumba chokaa ili wageni wasipate la kusema. Mume wangu Odhiambo, ambaye ni fundi wa mashine kiwandani, alileta mabonge ya chokaa, akayatia kwenye pipa, akamwaga maji, kisha akaenda kutafuta brashi. Chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto. Mimi na haraka zangu nikainama nikoroge. Pipa likapiga chafya, na jicho langu la kushoto likapokea yote.

Majirani walikuja na upendo wao. Dawa ya jicho kwetu inajulikana, ni maziwa ya mama anayenyonyesha. Jirani aliyekuwa na mtoto mchanga aliitwa mbio, nikalazwa chali na kichwa kwenye mapaja yake, akanikamulia jichoni kwa bidii huku kina mama wengine wakimhimiza. Ni dada mwema na mpaka leo namshukuru. Lakini nesi wa zahanati, tulipomfikia, alishika kichwa. Alinifungua kope akanimiminia maji ya dripu, chupa baada ya chupa, akinigombeza taratibu.

"Maji, mama. Kitu ya kwanza ni maji ya mfereji, mengi, hapo hapo, hata kama unalia. Maziwa muachieni mtoto."

Kama utasahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo usilisahau.

Januari ikaingia na kiangazi chake. Maumivu yalipungua, lakini jicho halikurudi. Nyama nyekundu yenye vimishipa ilianza kutambaa kutoka kwenye weupe, ikapanda juu ya kioo cha jicho kama magugu yanavyoingia shamba lililoachwa. Mwanga ulinichoma, hivyo nikawa nakaa ndani na leso kichwani kama mwali. Nilimimina chai nje ya kikombe. Nilikosa ngazi ya mlango na kumsalimia mtu ambaye kumbe ni koti lililotundikwa. Binti yangu mkubwa, Lavin, aliondoa kioo ukutani, nami nikajifanya sikuona kwamba hakipo. Nililia siku hiyo, jicho zima na jicho bovu kwa pamoja.

Na kila asubuhi lori langu lilipita nje ya nyumba. Lilikuwa mikononi mwa Kirui, kijana mzuri, mwenye adabu, asiyejua gia ya tatu iko wapi. Nilikuwa nalala kitandani nikimsikiliza akiitafuta, chuma kikisaga chuma mpaka kilima kinamalizika. Odhiambo alikuwa akivuta blanketi na kuniambia, "Mama Lavin, hilo si gari lako, ni la kiwanda." Mwanamume akitaka kuoa tena, na aseme maneno kama hayo.

Mama mkwe alikuja mwezi huo. Alitoka kwao kando ya ziwa na kikapu cha samaki wakavu, akasema amekuja kwa wiki moja kunisaidia na watoto, akakaa mwaka na zaidi. Huniita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa. Ni mwanamke mfupi, mkali, mwenye imani kubwa kwa Mungu na ndogo sana kwa madaktari. Hata hivyo ndiye aliyekuwa akinioshea jicho kila asubuhi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa nesi yeyote niliyewahi kukutana naye.

Hospitali ya karibu walinitibu walivyoweza, kisha wakanielekeza kwenye hospitali kubwa Nairobi. Sitaitaja, utaelekezwa kwa njia yako. Nitakuambia tu kuhusu chumba chake cha kungojea. Kuna watu wamefungwa jicho la kulia, wengine la kushoto, na mkipangwa vizuri mnapata watu wazima nusu ya hesabu. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kedowa aliyekuwa akituchekesha. Nesi akiuliza, "Nani anafuata?" yeye anajibu, "Sisi hatuoni foleni, sista, wewe chagua tu." Pale nilijifunza kwamba kicheko hakiumizi jicho. Mtu akikuambia utulie kwa sababu unaumwa, cheka polepole.

Daktari wangu aliitwa Mumbua, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliniangalia kwenye mashine yake muda mrefu, kisha akatugeukia sisi wawili, mimi na Odhiambo. Alisema kuwa pembezoni mwa kioo cha jicho, pale weusi unapokutana na weupe, kuna ukingo mwembamba wenye mbegu za ngozi safi inayofunika kioo hicho. Mbegu hizo zangu ziliungua na chokaa. Hata nikiwekewa kioo cha jicho la mtu mwingine, magugu yatakipanda tena kwa sababu hakuna mbegu ya kuyazuia.

"Lakini jicho la kulia bado unazo," akasema. "Tunaweza kutoa kipande kidogo sana hapo, tukipeleke maabara, tukilishe mpaka kisambae, halafu tupande kwa hili lingine. Ni kazi mpya kwetu hapa, na wewe utakuwa kati ya wagonjwa wa kwanza. Inakuwa mwili wako mwenyewe, kwa hivyo mwili hautaikataa. Siwezi kuahidi kwamba itashika."

Odhiambo akauliza kwanza. "Daktari, ako na jicho moja nzima. Mnataka kukata hiyo hiyo?"

"Kidogo sana, Baba Lavin. Lakini ndiyo, tunakata."

Mimi nikauliza hizo mbegu zinalishwa zikiwa zimelala wapi. Nilidhani atasema kwenye chupa. Akasema zinasambaa juu ya utando laini unaotoka kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua kwa upasuaji, aliyepimwa magonjwa yote na kukubali kutoa. Utando huo hupandwa pamoja nazo jichoni.

Odhiambo aliangalia sakafu. Mimi niliangalia mlango. Wote tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja, naye alikuwa nyumbani Kimulot akipika samaki.

Lazima nieleze hapa, kwa msomaji ambaye si wa kwetu. Kondo la nyuma sisi Wajaluo tunaliita biero, na mahali lilipozikwa ndiko nyumbani kwako. Unaweza kuzaliwa hapa, ukafanya kazi kule, ukajenga kwingine, lakini mtu akikuuliza kwenu ni wapi, anauliza biero yako iko wapi. Nilipomzaa Lavin katika zahanati ya huku, mama mkwe aliikusanya yake kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaifunga vizuri, akasafiri nayo mpaka ziwani akaizike kando ya nyumba yake. Alilipakata kopo hilo njia nzima. Mtu aliyemuuliza amebeba nini alijibiwa, "Mjukuu wangu."

Tulipomweleza, hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliweka mwiko chini akauliza kwa Kijaluo chake cha polepole, "Ni ya nani?"

"Hawasemi, Mama. Ni siri ya hospitali."

"Ya mtoto wa nani? Wa kabila gani? Amezaliwa mvulana ama msichana?"

"Hawasemi."

"Biero si kitambaa cha kupangusia meza, Nyar Seme. Ni nyumbani kwa mtoto wa watu. Sasa mtoto huyo atazikiwa kwako jichoni, na wewe ni dereva, leo uko Kimulot, kesho uko Chebunyo. Akikua akiulizwa kwao ni wapi, atasema wapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu hakuwa anasema upuuzi. Alikuwa anamwonea uchungu mtoto asiyemjua. Nilimjibu kwamba kama kondo hilo lisingetumiwa kwangu, hospitali ingelichoma tu. Akasema hilo ni baya zaidi, na kwamba mabaya mawili hayazai zuri. Kwa siku nyingi baada ya hapo tulikula kimya, na Odhiambo akagundua ghafla kwamba mashine zote za kiwanda zinahitaji kutengenezwa jioni.

Aliyenisaidia kuamua ni rafiki yangu Chepkoech, karani wa kupima majani katika kituo kimoja ninachopitia. Ni Mkipsigis wa hapa hapa, na nyuma ya nyumba yake ana nasari ya chai, yaani kitalu cha miche. Nilikwenda kumtembelea nikamkuta amechuchumaa chini ya kivuli cha karatasi ya nailoni, akipanga vipande vya matawi kwenye vifuko vya udongo, kila kipande na jani lake moja. Nikamweleza hofu yangu ya kukatwa jicho zima. Hakusimamisha kazi.

"Mama Lavin, wewe umebeba chai miaka yote hii na hujui inatoka wapi? Hii yote nimetoa kwa mti moja pale juu. Enda uangalie kama uko na kidonda."

Nilikwenda nikauangalia. Mti mama ulikuwa umesitawi, umejaa machipukizi.

"Ukikata kidogo, kwa kisu safi, mti hausikii," akasema. "Lakini hata mimi si kila kating inashika. Zingine zinaoza. Napanda tena. Usiogope."

Nilipenda kwamba hakunidanganya. Nikaenda nyumbani nikawaambia nitakatwa. Mama mkwe akasema, "Nenda. Lakini mimi sijasema ndiyo."

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza tulipokwenda. Kukatwa kwenyewe hakukuwa kitu. Ni ganzi, taa kali, na daktari akiimba wimbo wa kanisani chini ya barakoa. Kilichonipata ni baadaye, walipofunga jicho la kulia lipumzike. Hapo nikabaki na jicho la kushoto lisiloona, yaani nikawa kipofu kamili hadi kesho yake. Tulikuwa tumefikia kwa binamu yake Odhiambo. Mume wangu alinishika mkono kwenda msalani, akanichana nywele, akanivisha blauzi nikaishi nayo mchana kutwa ikiwa imegeuzwa ndani nje. Alinilisha ugali kwa mkono wake, tonge moja moja, akipuliza mboga. Tumeoana miaka mingi na sikuwahi kujua kwamba anaweza kupuliza mboga. Ugonjwa una zawadi zake, zipokee.

Tukangoja mbegu ziote. Nilikuwa nawaza kuna chombo mahali fulani mjini, chenye joto kama la tumbo, na ndani yake jicho langu linakua bila mimi. Kisha daktari akapiga simu mwenyewe, na nikajua kabla hajasema, maana habari njema huachiwa nesi aseme. Kuvu lilikuwa limeingia maabara. Kilichokuwa kikiota kiliharibika, ilibidi kitupwe. Akaomba radhi bila kuzungukazunguka. Akasema jicho la kulia likipona tunaweza kujaribu tena upande mwingine, kama nitakubali.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijiandaa kwa maneno ya mama mkwe, nikayapanga na majibu yake. Tulipoingia, alinivua viatu. Alinipa uji, akakaa kando yangu, na hakusema "nilikuambia". Aliponiona nimemaliza uji akasema, "Pumzika. Mkirudi huko, mimi nitakwenda na wewe. Odhiambo abaki na watoto."

Nilimwambia daktari ameshaeleza kila kitu.

"Amekueleza wewe," akasema.

Tulirudi baridi ya Julai, wakati ukungu wa Kimulot hauondoki mpaka saa nne. Mama mkwe alibeba kikapu kimoja na kuku mmoja hai, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Sikuuliza. Kwenye lango la hospitali mlinzi aliuliza kwa niaba yangu.

"Mama, kuku hawezi ingia."

"Haumwi," akasema mama mkwe.

Walibishana kwa heshima kubwa, huku jogoo akitoa maoni yake. Mwishowe mlinzi akakubali kumfunga nyuma ya kibanda chake mpaka tutoke. Tukaingia na kikapu.

Kwa Dkt. Mumbua mama mkwe alikaa wima, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, nami nikajaza palipopungua. Huyo mama anayetoa, anajua? Anajua, daktari akasema, tunamweleza kabla hajajifungua. Analipwa? Halipwi, anatoa bure. Analazimishwa? Hapana, na wengine hukataa, na hatuwaulizi kwa nini. Anajua inakwenda kwa jicho? Anajua inaweza kwenda kwa jicho la mtu asiyemjua.

Mama mkwe akavuta kikapu karibu. Kisha akasema, "Huyo mama amezaa, na sisi hatujaenda kumwona."

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Kwetu, mwanamke akijifungua, watu wa nyumba yake humwendea na unga wa uji na kuku wa supu. Mtu asiyekwenda ni mgeni. Mama mkwe alikuwa amewaza miezi yote hiyo, katika ule ukimya wake wa jikoni, akaona shida iko wapi. Biero ya mtu wetu ina kwao. Biero ya mgeni ndiyo haina. Basi dawa ni kuacha kuwa wageni.

"Jina siwezi kukupa, Mama," akasema Dkt. Mumbua. "Hata mimi sijui. Utando ulishatolewa, umehifadhiwa."

"Nimeskia. Mko na wodi ya kina mama hapa?"

"Iko."

"Basi niende kwa hao wote. Mmoja wao akiwa si yeye, ni dada yake."

Daktari alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akapiga simu kwa msimamizi wa wodi.

Ndani ya kikapu kulikuwa na unga wa wimbi, umesagwa Kimulot na kupimwa kwenye vifuko vidogo vidogo, kila kimoja kimefungwa fundo. Wakati wa kutembelea wagonjwa ulipofika, tulizunguka kitanda kwa kitanda. Mimi na miwani yangu myeusi, yeye na kikapu. Kila mama alipokea kifuko na mama mkwe akamwambia maneno yale yale, "Hongera kwa kuzaa. Sisi ni watu wako kutoka Kimulot." Wengine walicheka, wengine walidhani ni watu wa kanisa. Msichana mmoja mdogo ambaye hakuwa na mgeni yeyote alimshika mkono asiuachilie, na tukakaa kwake mpaka kengele ya wageni ikalia. Jogoo mama mkwe alimwachia mlinzi, kwa sharti kwamba mke wake akizaa ampikie supu. Mlinzi akasema bado hajaoa. Akaambiwa basi afanye haraka, kuku hasubiri.

Usiku wa kuamkia kukatwa nililala fofofo, na kesho yake walitoa kipande cha pili. Wakati wa kungoja mama mkwe alinikataza kabisa nisiwaze. Tulitembea, tukala njugu, tukatazama majengo ambayo yeye aliyaona na mimi nikahadithiwa. Safari hii nesi ndiye aliyepiga simu. "Zimeota vizuri sana," akasema, kama anayezungumzia mboga zake.

Nilipandikizwa, nikafungwa, nikaambiwa nisiiname, nisibebe, nisipike kwenye moshi. Ukiambiwa hivyo na wewe, tii, hata kama nyumba inakuwa chafu. Kisha ikaja dawa ya matone, na hiyo ndiyo ndoa yenyewe. Mwanzoni ni kila saa. Mama mkwe aliipanga kwa habari za redio, na ikifika saa alinikamata popote nilipo, hata kama naongea na mchungaji, akaniinua kidevu na kudondosha. Alikuwa hakosei. Kama huna mama mkwe, tafuta mtu mwenye redio.

Siku bandeji ilipotoka sikuona miujiza. Niliona mwanga, na mwanga haukuniuma. Hilo tu, nami nikashukuru. Wiki zikapita. Dirisha likapata pembe nne, na mtu akaanza kuwa na mabega. Mvua ya mawe ya mwezi wa kumi ilipopiga chai na kuitoboatoboa, nilisimama mlangoni nikaona mawe meupe yakirukaruka kwenye nyasi, nikiwa nimefunika jicho la kulia kwa kiganja. Nikamwita Lavin. Alikuja akasimama kando yangu, kisha akaingia ndani akakirudisha kioo ukutani.

Jicho si jipya kabisa, nisikudanganye. Naona kama mtu anayetazama kupitia kioo kilichooshwa na maji magumu. Jioni linachoka kabla yangu, na miwani ya jua nitaivaa mpaka uzee. Daktari anasema huenda baadaye nikawekewa kioo cha mtu mwingine ili kuona kuzidi, maana sasa kuna mbegu za kukilinda. Nimemwambia tutaongea. Kwa wale wenzangu wa benchi ambao kwao kipande hakikushika, na wapo, yule mzee wa Kedowa ni mmoja wao, siwezi kusema nimefanya kitu ambacho wao hawakufanya. Nampigia simu mara kwa mara. Bado anachekesha.

Nilipimwa kama naruhusiwa kuendesha gari kubwa. Mpimaji alifunika jicho la kulia akanionyesha herufi, nikazisoma, ile mistari ya chini kwa kusitasita. Akaandika kwamba naweza. Nilifika hadi kwenye choo cha wanawake ndipo nikapiga magoti.

Nilirudi kwenye lori mvua ndefu zilipoanza upya, wakati chai inachipua mpaka wachumaji hawalali. Wiki hiyo hiyo mama mkwe akasema kazi yake imekwisha, anarudi kwake. Meneja wa kiwanda aliruhusu nimfikishe hadi barabara kuu kwa lori tupu. Tulimpandisha kabini kwa kumsukuma, mimi na Odhiambo, akakaa upande wa kushoto na kikapu mapajani. Tangu nimfahamu hakuwahi kupanda gari nikiendesha mimi.

Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Tulishuka kile kilima kirefu, barabara ikiwa na utelezi, na mimi macho mbele, mikono miwili, gia ya chini. Hapo kushoto kwangu nikaona kitu kinacheza. Ulikuwa mguu wake. Kila kona tuliyoifikia aliukandamiza sakafuni kwa nguvu zake zote, kwa ndala yake ya buluu.

Nikaanza kucheka.

"Unacheka nini, Nyar Seme? Angalia barabara."

"Naiangalia, Mama. Lakini huko upande wako hakuna breki."

Aliutazama mguu wake. Kisha akanitazama mimi, na akaona kwamba sikuwa nimegeuza kichwa, nilikuwa bado nakabili kilima. Aliurudisha mguu chini ya kiti.

"Umeniona?" akauliza.

"Nimekuona, Mama."